Si kalenda inayoamua siku ya kubadili kompyuta ya kuiga urubani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa teknolojia, ambamo mwandishi aliwashauri wapenzi wa kuiga urubani (yaani kurusha ndege ya kuigiza kwenye skrini) wabadili kompyuta zao kila baada ya miaka mitatu, na wasisubiri hata hiyo mitatu iwapo toleo jipya la programu wanayoitumia limetangazwa. Makala hiyo iliandikwa kwa nia njema na kwa lugha ya kuvutia. Hata hivyo, kwa niliyoyaona katika miaka mingi niliyokaa mbele ya usukani wa plastiki, ushauri wake unaweza kumtia mtu hasara mara mbili: atanunua asichokihitaji, kisha atabaki na tatizo lilelile alilotaka kuliondoa.

Nasema hivyo kwa sababu hasara zote mbili zilinipata mimi. Kwa muda mrefu nilisumbuliwa na picha za kukwamakwama kila nilipoipeleka Airbus A320, ndege ya abiria, kutua Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London. Juu, kwenye futi 34,000, hapakuwa na shida yoyote. Lakini nikishuka chini ya futi 2,000, magurudumu yakiwa yameteremshwa na taa za njia ya kurukia zikiwa mbele yangu, picha zilishuka hadi fremu 24 kwa sekunde, yaani picha kamili 24 zinazochorwa kila sekunde, tena si 24 zilizotulia bali za kusita na kuruka. Ilifika mahali navuta usukani, naona pua ya ndege haijanyanyuka, naongeza kuvuta, kisha yale mavuto mawili yanafika kwa pamoja na ndege inapaa upya juu ya njia kabla ya kuanguka kwa kishindo. Niliambiwa dukani, bila mtu yeyote kuniuliza swali hata moja, kwamba kadi yangu ya picha, kipande kinachochora kinachoonekana kwenye skrini, imezeeka. Nikanunua nyingine yenye nguvu karibu maradufu.

Jioni nilipoifunga nilirudi Heathrow kwa ndege ileile, saa ileile na hali ya hewa ileile. Zilikuwa fremu 25. Nilipofungua dirisha la kuonyesha matumizi ya mashine, niliona kadi mpya ikifanya kazi kwa asilimia 45 tu, na feni zake hata hazikusikika. Nilikuwa nimeajiri mfanyakazi hodari na kumkalisha bure.

Sababu yake inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndipo programu hizi zinapotofautiana na michezo mingi ya kompyuta. Kabla ya kadi kuchora fremu moja, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, inatakiwa iwe imekwisha kukokotoa nguvu za hewa kwenye mabawa, upepo, mwenendo wa injini, kazi za rubani wa kiotomatiki, skrini zote za chumba cha rubani, na ndege nyingine zote zilizomo uwanjani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita katika uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa hatua zinazofuatana, unaoitwa uzi mkuu. Prosesa inaweza kuwa na viini, yaani sehemu za kukokotoa, vinane au kumi na sita, lakini ni sawa na ofisi yenye makarani wengi ambamo kila jalada lazima lipite kwa karani mmoja mwenye muhuri. Ili mtu apate fremu 30 kwa sekunde, kila fremu haina budi kukamilika ndani ya milisekunde 33 hivi. Ikiwa uzi mkuu unatumia milisekunde 40, zitatoka fremu 25, hata kama kadi ya picha imemaliza sehemu yake kwa milisekunde 15 na inangoja. Ndicho kilichonikuta, na hakuna kadi duniani ambayo ingeniokoa kwa njia ya kuchora haraka zaidi.

Jambo hili si geni. Wale tuliokuwa na Microsoft Flight Simulator X, programu ya kuiga urubani iliyotoka mwaka 2006, tunakumbuka jinsi ilivyotutesa. Iliegemea mno kasi ya kiini kimoja, wakati ambapo watengenezaji wa prosesa walikuwa wameanza kuongeza idadi ya viini badala ya kuongeza kasi ya kila kimoja. Watu walibadili mashine mara mbili, mara tatu, na bado ikasuasua. Isitoshe, ilikuwa programu ya biti 32, isiyoweza kutumia zaidi ya gigabaiti nne za kumbukumbu hata kama mwenye mashine amepachika gigabaiti 32. Ukiijaza mandhari na ndege za kununua, ilikuwa inajifunga yenyewe, mara nyingi ukiwa dakika chache kabla ya kutua. Dawa haikuwa dukani. Ilikuja programu zenyewe zilipohamia biti 64.

Kwa hiyo swali la kwanza si mashine ina umri gani, bali ni kipi kinachochelewesha fremu. Na swali hilo hujibika kwa dakika kumi bila gharama yoyote. Microsoft Flight Simulator ina kaunta ya fremu katika hali ya wasanidi programu, na kaunta hiyo hutaja waziwazi ikiwa kinachozuia ni uzi mkuu au kadi ya picha. X-Plane, programu nyingine ya kuiga urubani, nayo huonyesha muda unaotumiwa na prosesa na ule unaotumiwa na kadi kwa kila fremu. Asiyependa kuhangaika na takwimu afanye jaribio la kienyeji: ahifadhi safari moja mahali pazito, kama uwanja mkubwa wa ndege, ateremshe ukubwa wa picha hadi nusu, kisha atazame. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyoelemewa. Zikibaki palepale, mwenye kosa ni prosesa, na fedha ya kadi na ikae mfukoni. Nasisitiza mahali pazito, kwa sababu jaribio la kuruka juu ya bahari mchana kweupe litamsifu hata mgonjwa.

Pamoja na kupima, kuna mambo ambayo mtu anapaswa kuyamaliza kabla hajafikiria kununua, na hapa nakiri aibu yangu. Wiki moja baada ya kununua ile kadi niligundua kwamba kumbukumbu ya kompyuta yangu, ya aina ya DDR4, iliyoandikwa kasi ya 3200 ubavuni, ilikuwa ikienda kwa kasi ya 2133 tangu siku nilipoinunua, kwa sababu sikuwahi kuwasha mpangilio wake kwenye ubao mama, yaani ubao unaounganisha vipande vyote vya kompyuta. Kuuwasha kulichukua dakika mbili. Baadaye nilifungua sanduku na kukuta vumbi limejipanga kwenye kipoza joto cha prosesa kama blanketi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine huona tu kwamba safari ndefu huanza vizuri na kuishia vibaya. Nilisafisha, nikapaka grisi mpya ya kupozea, nikapunguza idadi ya ndege nyingine uwanjani na umbali wa kuchora mandhari kwa undani. Heathrow ikatoa fremu 33 zilizotulia. Tuseme ukweli, ile kadi ningeweza kuirudisha kama muda wa kurudisha haungekuwa umepita.

Kuhusu shauri la kununua mara toleo jipya linapotangazwa, wahenga walituonya tusinunue mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ilipotoka mwezi Agosti, wengi walikimbilia madukani kwa kuwa ilikuwa nzito. Mwezi Julai 2021 yakaja masasisho yaliyoipunguzia mzigo kwa kiasi kikubwa, na mashine zilezile zilizodharauliwa zikaanza kwenda vizuri. Toleo la 2024 lilipotoka tarehe 19 Novemba mwaka huo, mitambo ya watengenezaji ilizidiwa na idadi ya watu walioingia kwa pamoja, na wenye kompyuta mpya kabisa walikaa wakitazama mstari wa kupakia usiosogea, sambamba na wenye kompyuta kuukuu. Matoleo haya mawili hupokea mandhari kupitia intaneti. Mahali mtandao ulipo dhaifu, majengo yatachelewa kuonekana hata mashine iwe ya namna gani.

Hata hivyo sitaki nieleweke kwamba nahubiri kukaa na mashine hadi ife. Zipo hali ambamo kubadili ni lazima, na mwandishi wa makala angetusaidia zaidi kama angezitaja hizo badala ya kutuhesabia miaka. Kumbukumbu ni mfano ulio wazi. Toleo la 2020 lilitaka angalau gigabaiti 8 na kupendekeza 16. Toleo la 2024 linataka angalau 16 na kupendekeza 32. Mwenye gigabaiti 16 anayeingia toleo la 2024 na ndege kubwa ya abiria ataona mashine ikianza kutumia diski kama kumbukumbu, na hapo hakuna mpangilio utakaoondoa kukwama. Kumbukumbu ya kadi yenyewe pia ina mpaka wake: ikijaa, picha hudondoka ghafla, si polepole, na anayeona hivyo baada ya kupunguza ubora wa picha za juu ya vitu ana haki ya kutafuta kadi nyingine. Diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, itafupisha kungoja safari ianze, lakini isitegemewe kuongeza fremu.

Hali nyingine ni ya anayebadili skrini. Kutoka skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 hadi ile ya 4K ni kuongeza pikseli mara nne kamili, na mzigo huo unaiangukia kadi karibu wote. Miwani ya uhalisia pepe ni kali zaidi, kwa sababu huko fremu zikiyumba mtu hupata kichefuchefu. Anayekusudia kuingia huko apange vyote viwili pamoja, maana kununua skrini kwanza na kadi mwakani ni kujinunulia mwaka wa manung'uniko.

Na ipo hali ya prosesa, ambayo kwa marubani wengi wa mezani ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwezi Aprili 2022 kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, yenye viini vinane na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa) ya megabaiti 96, ilhali ndugu yake 5800X ilikuwa na 32. Kasi yake kwa gigahezi ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya ndugu huyo, lakini katika kuiga urubani iliipita kwa mbali, kwa kuwa uzi mkuu ulipata data yake karibu badala ya kuifuata mbali kwenye kumbukumbu. Uzuri mwingine ni kwamba iliingia katika mbao mama nyingi za AM4, aina ya kiti cha prosesa za AMD, za tangu mwaka 2017, mradi mtu asasishe programu ya msingi ya ubao. Mtu aliyepima, akaona uzi mkuu ndio unaomzuia, na ana ubao wa namna hiyo, alibadili kipande kimoja akapata faida ambayo mwingine aliikosa kwa kubadili sanduku zima. Kipande hicho hakikuwa na uhusiano wowote na umri wa kompyuta yake.

Najua mwandishi anaweza kunibana kwa teknolojia ya kubuni fremu za katikati, inayopatikana katika kadi za siku hizi na inayofanya fremu 30 zionekane kama 60 hata pale prosesa inapoelemewa. Ni kweli, na katika safari ya kutazama mandhari inapendeza. Lakini fremu hizo za kubuni hazipiti kwenye hesabu za ndege; usukani bado unajibu kwa kasi ya zile 30 za kweli, tena kwa kuchelewa kidogo zaidi. Kwa kutua penye upepo wa ubavuni, ningependelea 35 za kweli zilizotulia kuliko 70 za mchanganyiko. Hili nalikubali kuwa ni suala la mkono wa mtu.

Mwisho nataja la mfumo wa uendeshaji, kwa kuwa linawagusa wengi sasa. Windows 10 iliondolewa katika utunzaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na baadhi ya kompyuta za zamani hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo, sababu ya kubadili ipo hata kama fremu zake zinamridhisha, hasa kama ni mashine ileile anayofanyia shughuli za benki. Yangu ilikubaliwa. Nimeandika kwenye kikaratasi na kukibandika ubavuni mwa skrini: Heathrow, A320, futi 1,500, jua linazama, fremu 33. Kila baada ya masasisho makubwa narudia safari hiyohiyo na kuandika namba chini yake, na siku itakaposhuka chini ya 28 na kukataa kupanda baada ya kusafisha na kupunguza, nitakwenda kununua prosesa, nikiwa na hicho kikaratasi mfukoni ili wasiniuzie kadi tena.

Wako,
Msomaji na rubani wa mezani