Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapenda sanaa wazungumzao Kiswahili hapa Los Angeles. Hesabu zimo katika taarifa ya mweka hazina.

Mada mliyoichagua, yaani kikundi cha wasanii kiitwacho Asco cha Los Angeles Mashariki, ndiyo iliyobeba takriban shughuli zetu zote. Waanzilishi wake, Harry Gamboa, Gronk, Willie Herrón na Patssi Valdez, walikulia mitaa ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, yaani Wachicano, ambako mwaka 1968 maelfu ya wanafunzi waligoma wakidai elimu bora. Gamboa alipokabidhiwa uhariri wa jarida la Regeneración, aliwaita wenzake watatu wachore, na urafiki huo ukawa ndio karakana yao.

Mjadala mkali zaidi ulihusu tukio la mwaka 1972. Gamboa alimuuliza msimamizi mmoja wa Makumbusho ya Sanaa ya Kaunti ya Los Angeles kwa nini humo hamkuwa na kazi za Wachicano, akajibiwa kwamba watu hao hufanya sanaa za kienyeji au huingia kwenye magenge. Usiku, yeye, Gronk na Herrón waliandika majina yao kwa rangi ya kupuliza kwenye jengo hilo. Kulipokucha Gamboa alimpiga picha Valdez akiwa kwenye daraja la waenda kwa miguu, majina yakionekana chini yake, kabla hayajafutwa. Baadhi yenu mlihoji kwa nini jina la Valdez halimo, na kwa maoni yangu swali hilo ni la haki, kwa kuwa hata waliosukumwa pembeni huweza kusukumana wao kwa wao.

Tulichokipenda wengi ni onyesho la mwaka 1974, ambapo Gronk aliwabandika ukutani Valdez na mshiriki wao Humberto Sandoval kwa utepe wa gundi, bila turubai wala mfadhili. Makumbusho yaleyale yalikuja kuwafanyia maonyesho makubwa mwaka 2011, karibu miaka 40 baada ya majina yale kufutwa, na sioni kwamba ucheleweshaji huo unastahili pongezi nyingi.

Kwa kuzingatia hayo, kamati tendaji inapendekeza mfuko wetu mdogo wa ruzuku uanze kuvipa kipaumbele vikundi vya marafiki wanaofanya kazi pamoja, badala ya msanii mmoja mmoja, na kwamba kila kikundi kieleze katika maombi yake majina ya wahusika wote yatatajwaje. Pendekezo hilo litapigiwa kura leo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti