YAH: Malalamiko kuhusu maji yanayorushwa na malori yenu barabara ya Chalinze–Morogoro

Kwa Mkurugenzi wa Usafirishaji,

Mimi ni dereva wa gari dogo la abiria kati ya Chalinze na Morogoro, barabara ambayo malori yenu huipita usiku na mchana kuelekea Tunduma. Ninaandika kulalamikia maji yanayorushwa na matela yenu msimu huu wa masika, kwa sababu yamekuwa hatari kwetu kuliko mvua yenyewe.

Wiki iliyopita jioni, mvua ikiwa imeshapungua, nilikuwa nyuma ya lori lenu karibu na Mikese. Waipa zilikuwa zinakwenda kwa kasi yake yote, na bado sikuweza kuziona taa za nyuma za lori hilo, wala bodaboda aliyekuwa kati yetu, mpaka alipotoka pembeni ya lami akiwa amelowa chapachapa. Nilipunguza mwendo na kuacha nafasi kubwa, lakini basi lililokuwa nyuma yangu likanipita na kuingia katika ukungu uleule wa maji ya lori, upande wa magari yanayokuja. Abiria wangu walipiga kelele, na sikuwalaumu.

Baadaye nililikuta lori hilo limeegeshwa sheli, nikalitazama kwa karibu. Ekseli ya mwisho ya tela ilikuwa na kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa kwa waya upande mmoja tu, kwa hiyo gari likishika kasi upepo hukiinua na hakizuii chochote. Ekseli mbili za mbele yake hazikuwa na mpira wowote wa kuzuia maji, na utingo wenu alinieleza kwamba mipira hiyo tangu ilipochanika haijarudishwa.

Naamini mafundi wenu wanajua kinachotokea hapo. Gurudumu huyachota maji ya lami na kuyarusha kwa nguvu, na yakigonga chuma kitupu hupasuka kuwa manyunyu laini yanayobaki hewani nyuma na ubavuni mwa gari. Madigadi iliyokamilika, yenye mpira unaoshuka karibu na lami, huyarudisha chini sehemu kubwa ya maji hayo kabla hayajawa ukungu. Umoja wa Ulaya ulipitisha masharti ya vifaa vya kupunguza manyunyu kwa malori na matela tangu mwaka 1991, na baadhi ya vifaa hivyo ni plastiki yenye vinywele kama nyasi fupi, inayowekwa ndani ya madigadi ili maji yakiigonga yapoteze nguvu na kutiririka chini. Siwadai mwanzie huko. Mpira mzima, mzito, uliofungwa kwa bolti kila ekseli, ungetosha kwa kuanzia, na gharama yake ni ndogo mno kwa kampuni inayomudu kununua tairi za tela zima.

Najua mtajibu kwamba barabara yenyewe ina mikondo iliyochimbwa na magurudumu, na kwamba maji hutuama humo. Ni kweli, na si kosa lenu peke yenu, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuongeza tahadhari. Jambo la pili ni mwendo: sheria imeweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari yanayozidi kilo 3,500, na kwenye lami iliyofurika maji hata kasi hiyo ni kubwa, kwa kuwa manyunyu huongezeka sana kadiri gari linavyokimbia.

Kwa hiyo naomba matela yote yakaguliwe na mipira iliyokosekana irudishwe kabla masika hayajaisha, tela lisilo nayo lisiruhusiwe kutoka yadi, na madereva wenu waagizwe kupunguza mwendo mvua inaponyesha, bila kukatwa posho kwa kuchelewa. Naomba pia majibu ya maandishi yatakayoeleza lini kazi hiyo itaanza. Nisipoyapata, nitalipeleka suala hili kwa Kikosi cha Usalama Barabarani mkoani Morogoro.

Wenu,
Dereva wa gari la abiria, Morogoro