Steaua ya Bucharest ipo daraja la pili, isichanganywe na FCSB

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nieleze jambo linalojirudia kwenye kurasa zako za michezo, nalo ni kuiita FCSB ya Romania kwa jina la Steaua Bucharest. Ilikuwa hivyo Januari 2025, Manchester United ilipokwenda Bucharest na kushinda 2-0 katika Ligi ya Europa, na imekuwa hivyo karibu kila mara timu hiyo inapotajwa. Najua wengi waliisoma habari ile kwa sababu ya Manchester United na hawakujali mpinzani anaitwaje. Lakini katika jiji hilohilo ipo klabu nyingine iitwayo Steaua, ambayo inacheza Liga II, yaani daraja la pili, ina uwanja wake na mashabiki wake, na jina hilo imelipigania mahakamani hadi ikalipata. Jina lake linapopewa timu nyingine, msomaji anaachwa aamini kwamba klabu hii haipo.

Steaua ilianzishwa na jeshi la Romania tarehe 7 Juni 1947, ikapitia majina kadhaa, kisha ikachukua jina la Steaua mwaka 1961. Ikiwa bado ni klabu ya jeshi, tarehe 7 Mei 1986 ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mjini Seville mbele ya Barcelona, ikawa timu ya kwanza kutoka Ulaya ya Mashariki kufanya hivyo. Dakika 120 zilikwisha bila bao. Ilipofika mikwaju ya penalti, kipa Helmuth Duckadam aliokoa mikwaju yote minne ya Barcelona, mmoja baada ya mwingine. Wenzake nao walikuwa wameanza vibaya, kwani Mihail Majearu na László Bölöni walikosa, hadi Marius Lăcătuș alipopiga shuti lililogonga mtambaa panya na kuingia wavuni, na Gavril Balint akaongeza la pili. Mwaka 1989 klabu hiyo ilifika tena fainali, ingawa safari hiyo AC Milan iliifunga 4-0. Ukiongeza kwamba kati ya 1986 na 1989 ilicheza mechi 104 za ligi ya nyumbani bila kufungwa, utaelewa kwa nini jina hili lina thamani kubwa kiasi cha watu kupelekana mahakamani.

Mgogoro wenyewe ulianza taratibu. Mwaka 1998 idara ya soka ilitenganishwa na klabu ya jeshi, na mwaka 2003 timu ikaingia mikononi mwa mfanyabiashara Gigi Becali. Jeshi lilifungua kesi mwaka 2011 likidai kwamba jina na nembo ni mali yake na kwamba vinatumika bila idhini. Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Romania ililipatia jeshi ushindi. Siku chache baadaye timu ya Becali ilicheza nyumbani huku jina lake na nembo yake havionekani kwenye ubao wa matokeo. Naomba wahariri wa michezo waitafakari hali hiyo: timu iliyokuwa bingwa wa nchi iliingia uwanjani mbele ya mashabiki wake bila jina. Yalifuata mabadiliko ya nembo, na mwaka 2017 klabu ikalazimika kubadili jina lenyewe, ikawa FCSB. Hilo ndilo jina inaloandikishwa nalo UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na ndilo linalosomeka kwenye ratiba na matokeo rasmi. Sioni kwa nini gazeti letu liendelee kutumia jina ambalo timu yenyewe ilikatazwa kulitumia.

Mwaka huohuo wa 2017 jeshi lilifufua timu yake ya soka kwa jina la CSA Steaua, na halikupewa njia ya mkato yoyote. Timu iliyobeba jina la bingwa wa Ulaya ilianzia Liga IV, daraja la nne, kwenye mashindano ya jiji la Bucharest, ambako wapinzani ni timu za mitaa. Kundi kubwa la mashabiki wa Peluza Sud, jukwaa maarufu la Steaua, liliifuata huko chini. Aprili 2018 ilipopangwa kucheza na Academia Rapid, mechi ya daraja la nne ililazimika kuchezwa kwenye uwanja wa taifa, wakajitokeza watazamaji zaidi ya 36,000, na Steaua ikashinda 3-0. Zipo ligi kuu nyingi duniani ambazo hazipati watazamaji hao hata katika mechi ya watani wa jadi. Ilipanda daraja la tatu mwaka 2020 na daraja la pili mwaka 2021, na mwaka huo ukafunguliwa uwanja mpya katika eneo la Ghencea, palepale ulipokuwa uwanja wa zamani, wenye viti zaidi ya 31,000.

Haki inanitaka niseme pia kwamba mambo hayako wazi kwa kila upande. UEFA, katika kumbukumbu zake, inaihesabia FCSB kombe la 1986, na suala la nani mrithi wa mafanikio ya zamani limebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi kwa kesi tofauti na ile ya jina. Hata mashujaa wa Seville waligawanyika. Duckadam, aliyefariki dunia Desemba 2024, alikuwa kwa miaka mingi upande wa FCSB na kuiwakilisha hadharani, ilhali Lăcătuș alisimama na klabu ya jeshi ilipoanza upya. Wapo watu wazima, wenye akili timamu, waliokulia Ghencea na wanaoamini kwa dhati kwamba timu yao ni ile ambayo haikukatiza msimu hata mmoja, na siwezi kuwabeza. Maoni yangu ni kwamba kombe lile liliwekwa kabatini na klabu ya jeshi, na waliolileta walikuwa wachezaji wake. Lakini sikuombi wewe Mhariri uchukue upande wangu katika hilo. Ninachoomba ni kutotumia jina la klabu moja kwa klabu nyingine, jambo ambalo halihitaji upande.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niamini kwamba Steaua hii inastahili kuandikwa. Kwa kuwa ni taasisi ya umma iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, ilijikuta haina haki ya kupanda Liga I, yaani ligi kuu, hata ilipofanya vizuri. Msimu wa 2022/23 ilimaliza miongoni mwa timu sita za juu zinazocheza hatua ya mwisho ya kuwania kupanda, huku kila mchezaji akijua kwamba hata wakiongoza kundi hilo watabaki walipo. Wanaoutetea utaratibu huo husema fedha ya walipa kodi isishindane na fedha ya watu binafsi katika soka la kulipwa, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini ubaya wake unaonekana uwanjani. Timu isiyoweza kupanda inacheza na timu zinazoweza, inazinyang'anya pointi au inazipa, na nafasi za kupanda zinaamuliwa kwa sehemu na klabu ambayo haimo kwenye kinyang'anyiro. Ama klabu za umma ziruhusiwe kupanda kwa pointi zake kama wengine, ama ziwekewe mashindano yake. Kuziacha katikati ni kuwadhulumu wachezaji na wapinzani wao pia. Wasomaji wa Afrika Mashariki wangelifuatilia jambo hili kwa karibu, kwa sababu sisi tumezoea kuziona JKT Tanzania, Ulinzi Stars ya Kenya na APR ya Rwanda zikicheza ligi za juu, nyingine hadi kutwaa ubingwa, bila mtu kuuliza zinatoka wizara gani.

Wala isidhaniwe kwamba Liga II haina habari. Mei 2024 Corvinul ya Hunedoara, ikiwa daraja hilo, ilitwaa Kombe la Romania kwa kuishinda Oțelul Galați kwa penalti baada ya sare ya 2-2, na Julai ikaifunga Paks ya Hungaria 4-0 katika mchujo wa Ligi ya Europa, ikafuzu raundi iliyofuata licha ya kufungwa 2-0 katika mechi nyingine ya raundi hiyo. Sikuona hata mstari mmoja kuhusu hilo kwenye magazeti ninayoyasoma.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwa dawati la michezo ni hili: FCSB iandikwe FCSB, na panapokuwa na haja ya kutaja 1986, iongezwe sentensi moja kueleza kwamba ushindi ule ulipatikana wakati timu ikiwa ya jeshi na kwamba urithi wake umekuwa na mgogoro. Na Steaua ya Liga II ipewe walau aya fupi kila msimu unapofikia hatua ya kuwania kupanda, ili msomaji ajue imefika wapi na kama imeruhusiwa kupanda au imezuiwa tena.

Wako katika kulisoma gazeti,
Msomaji, Tanga