Majina ya miji yasomwe kwa lugha yaliyotoka

Mhariri,

Maana za majina ya miji yetu zinazosambazwa mara nyingi ni za kubahatisha. Ukitaka kulipima jina, uliza kwanza ni la lugha gani, kisha tenga kiambishi na mzizi, halafu tafuta lilivyoandikwa kwenye ramani za kale.

Eldoret ni mfano mzuri. Shina lake ni la Kimaasai, “eldore”, yaani mto wenye mawe, na mwisho wa “-et” ni wa Kikalenjin. Kabla ya jina hilo kutangazwa mwaka 1912, mji uliitwa 64 (kwa Kiingereza “sixty-four”), namba ya shamba ulipoanzia, na wenyeji wakatamka Sisibo. Anayetafuta maana ya “Sisibo” katika kamusi ya Kikalenjin anapoteza muda.

Naivasha iliharibiwa na masikio ya wageni: Wamaasai husema Nai’posha, maji yenye mawimbi. Kisumu hutokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Jina lake la kikoloni, Port Florence, lililotokana na mke wa mhandisi wa reli, halikudumu. Broderick Falls nayo sasa ni Webuye.

Naomba kaunti ziandike asili hizi kwenye mabango ya kuingilia miji, lugha ikitajwa.

Msomaji, Nakuru