Petroli si dawa ya gundi ya zulia

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wanaong'oa mazulia yaliyogandishwa juu ya zege, hasa wanaomwaga petroli au thina ili gundi ilegee. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko au friji ya chumba cha pili, na cheche moja inatosha. Hata moto usipowaka, petroli huyeyusha gundi na kuizamisha kwenye vinyweleo vya zege, kisha gundi mpya utakayopaka haishiki.

Kazi yenyewe haihitaji hayo. Likate zulia mistari ya upana wa sentimita 30 hivi kwa kisu cha wembe wa kubadilisha. Anayevuta zulia zima hupambana na gundi ya chumba kizima kwa wakati mmoja. Inua kona kwa koleo (plaizi), kunja ukanda urudi nyuma na uvute, huku mwenzako akisukuma skrepa (kikwangulio cha chuma) ya mpini mrefu pale zulia linapoachana na zege. Skrepa ilale, ukiisimamisha itachimba sakafu. Makali yakiisha, badilisha mara moja, kwani wembe butu ndio unaovunja migongo ya mafundi.

Zulia likishatoka, hapo ndipo kazi inapoanza: sponji ya mgongo wa zulia na gundi vimebaki. Tazama rangi kabla ya kugusa chochote. Gundi ya njano au ya krimu mara nyingi hulegezwa na maji ya moto. Mwagia mita moja ya mraba tu, subiri dakika 10 hadi 15, kwangua, zoa, ndipo usogee. Ukilowesha chumba kizima, maji yatapoa na gundi itashika tena kabla hujaifikia.

Gundi nyeusi kama lami ni habari nyingine kabisa. Katika majengo ya zamani huweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo nyuzi zake zikivutwa mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Usiisage, usiikwangue ikiwa kavu. Lowesha kipande kidogo, kifunge kwenye mfuko, kipelekwe maabara kwanza.

Grinda, yaani mashine ya kusaga gundi iliyobaki, iwe njia ya mwisho, na isiwashwe bila kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini kabisa. Vumbi la zege lina silika, madini yanayodhuru mapafu; kitambaa usoni hakilizuii, vaa walau barakoa ya N95.

Kabla ya kutandika kitu kipya, dondosha matone ya maji sehemu kadhaa. Yakinywewa, zege liko wazi. Yakisimama kama shanga, bado kuna utando wa gundi, rudi ukakwangue. Kisha bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 45 kwa 45, uizibe kingo zote kwa utepe na uiache saa 16. Ukikuta unyevu chini yake, usitandike chochote hadi ujue maji yanatoka wapi.

Fundi wa sakafu