Kwa vijana mnaobisha hodi na mashine ya presha

Wanangu na wajukuu zangu mnaokusanya takwimu za utafiti wa presha, kisukari na moyo,

Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana jambo nililonalo limenikaa kooni wiki tatu sasa.

Vijana wawili, wa kike na wa kiume, waliingia kwenye ua wa jirani yangu hapa Muheza. Walikuja na mwenyekiti wa kitongoji, wamevaa vizibao vya mradi, mmoja kashika kishikwambi, mwingine kabeba mizani. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchicha. Jirani ndiyo kwanza anarudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Akaitua, akafuta mikono kwa kanga, akawakaribisha. Hata hajakaa sawasawa kwenye kigoda, mkanda ulishavishwa juu ya sweta lake. Mgongo hauna pa kuegemea, mkono umelala pajani, pumzi bado inampanda na kumshuka, na binti anamuuliza kwa wiki anakula matunda siku ngapi. Mashine ikalia. Kijana akaandika, akabonyeza tena papo hapo, akaandika, akabonyeza tena. Vipimo vitatu vikaisha kabla sijamaliza fungu moja la mchicha.

Kioo cha mashine nilikiona. Cha kwanza 186 kwa 112. Cha pili 182 kwa 110. Cha tatu sikukiona, kijana alikwisha kuzima. "Asante mama, tumemaliza." Akapewa mche wa sabuni, wakahamia nyumba ya pili.

Sikutaka kumwaibisha mtoto wa watu mbele ya mwenyekiti, kwa hiyo nilimfuata hadi kwenye michongoma, nikamwambia taratibu kwamba presha ya yule mama iko juu sana na hakumwambia. Alinijibu kwa adabu kabisa: "Bibi, sisi ni utafiti, siyo matibabu."

Jioni nikamsikia jirani akiongea na mdogo wake kwenye simu, kwa furaha: "Leo nimepimwa na watu wa mradi, mashine ya kisasa, sina tatizo lolote." Alipokata nikamuuliza nani kamwambia hana tatizo. Akanishangaa. "Sasa dada, wangeona tatizo si wangesema?"

Wanangu, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ukimpima mtu ukanyamaza, kimya chako anakisoma kuwa ni afya. Kabla hujaja, angalau alikuwa hajui. Ukiondoka, anajua kitu kisicho kweli, na amekijua kutoka kwako, mwenye kizibao na mashine.

Nilikwenda nyumbani nikachukua mashine yangu. Nikamwambia aende haja ndogo kwanza. Nikamkalisha kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, asikunje nne, sweta pembeni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tukakaa kimya dakika 5. Wajukuu wakafukuzwa uani. Nikapima mara tatu, nikipumzisha dakika 3 kati ya kipimo na kipimo, cha kwanza nikakiacha, nikachukua wastani wa viwili vya mwisho. Ikaja 168 kwa 104.

Sasa lioneni kosa lilivyokuwa mara mbili. Mama ana presha kweli, na hakuambiwa. Tena namba iliyokwenda kwenye kishikwambi siyo yake. Ni ya mama aliyetua ndoo, anayeongea, mkono umeshuka chini ya moyo. Kila kimojawapo cha hivyo huipandisha presha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao huipandisha, kibofu kilichojaa vilevile, miguu iliyokunjwa vilevile. Ukivikusanya vyote kwa mtu mmoja, umempima mtu ambaye hayupo.

Nimekuwa muuguzi miaka 31, na 14 ya mwisho nilikuwa msimamizi wa wahojaji kwenye tafiti za vijijini. Nikisikia kijana anasema "ni presha tu, mashine inajipimia yenyewe," moyo unaniuma. Mashine haijui kama mtu ametoka kupanda kilima. Haijui kama amevuta sigara sasa hivi. Wewe ndiye unayejua, na ndiyo maana umetumwa wewe. Mwaka 2015 yalitoka Marekani matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa SPRINT, watu 9,361, wakijaribu kama kushusha ile namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 kunaokoa watu zaidi kuliko kuishia chini ya 140. Kuliokoa, hata wakausitisha mapema. Na mnajua mabingwa walibishana nini baada ya hapo? Walibishana juu ya zile dakika 5 za kukaa kimya, na kama mhudumu alikuwa ndani ya chumba au alitoka nje wakati mashine inapima! Watu wa vyeo vikubwa, wakibishania kiti na ukimya. Kwa sababu walijua kwamba namba iliyopatikana kwa utulivu ule huwezi kuilinganisha na ya mtu aliyepimwa haraka haraka kwenye korido.

Kuna kosa kubwa kuliko haraka, nalo nilikutana nalo mwenyewe. Mwaka mmoja niliketi na madodoso ya kijana mmoja niliyempenda sana, mchapakazi, hodari wa kuongea na wazee. Nikaona 120 kwa 80. Nyumba ya pili 130 kwa 80. Ya tatu 120 kwa 80. Ya tano 110 kwa 70. Mashine tulizokuwa nazo zilitoa namba za kila aina, 127, 133, 141. Katika watu kumi, yule anayeishia na sifuri ni mmoja hivi. Kwake, sifuri tupu ukurasa mzima. Nikazirudia nyumba zile kwa miguu. Kwenye nyumba ya sita bibi mmoja akaniambia, "Huyo kijana alikuja, tukaongea vizuri, kuku wangu akamsifia, lakini mashine hakuifungua." Kijana alilia mbele yangu. Alikuwa analipwa kwa dodoso, siyo kwa siku, na mkewe alikuwa amejifungua. Nilimsikitikia na nikamwondoa kazini siku hiyohiyo, na madodoso yake yote 64 tukayatupa. Mpaka leo sijajuta kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mnadhani namba moja ya kubuni haina madhara. Hebu fikirini vile vitu mnavyovijua leo vilijulikanaje. Aprili 12, 1945 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki, damu imevuja ubongoni. Siku hiyo presha yake ilifika 300 kwa 190. Kwa miaka mingi ilikuwa imeandikwa kwenye faili lake ikipanda, na daktari wake akiwaambia watu rais ni mzima. Yalikuwa ni yaleyale ya barazani kwa jirani yangu: imeandikwa, haijasemwa. Miaka 3 baadaye, mwaka 1948, katika mji wa Framingham, Massachusetts, ulianza utafiti wa watu 5,209, wa miaka 30 hadi 62, wakiitwa kupimwa kila baada ya miaka 2. Humo ndimo presha, lehemu (yale mafuta ya kwenye damu) na sigara vilipothibitika kuwa vinatangulia ugonjwa wa moyo, na neno hili mnalolitumia kila siku, vihatarishi, likapata uzito wake kwa madaktari. Watu wale waliendelea kurudi, kisha wakaja watoto wao, kisha wajukuu. Na majibu yao yalipelekwa kwa madaktari wao. Watu hawarudi miaka 50 mahali wanapochukuliwa tu.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria, ambako presha za watu zilikuwa chini, kwenda kutafuta kazi Nairobi. Ndani ya miezi michache ya mwanzo mjini presha zao zilikuwa zimepanda kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na mikojo yao ilionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu imepungua. Jamani, miezi! Kitu kama hicho kingeonekanaje kama mhojaji wa Nairobi angekuwa anaandika 120 kwa 80 ili awahi daladala? Hapa kwetu, miaka ya 1990, wahojaji walikwenda kukaa na wafiwa Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, wakauliza marehemu aliumwaje, mdomo ulipinda, upande gani ulikufa ganzi. Kwa kazi hiyo ya subira ikajulikana kwamba kiharusi kinaua watu wazima wa Tanzania kwa kiwango kikubwa kuliko Uingereza, wakati wengi walidhani ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Walioleta ukweli huo ni watu kama nyinyi, kwa miguu, na daftari.

Mengine nayasema kwa mkato, maana mnayajua. Fomu ya ridhaa isomeni kwa Kiswahili cha kueleweka, siyo kwa mbio za kasisi aliyechelewa misa ya pili. Dole gumba la mtu asiyejua kusoma lina haki sawa na saini. Mizani iwekeni sakafuni palipo sawa. Utepe wa kiuno mwanamume asimfunge mwanamke. Sukari ya asubuhi muulizeni kama kweli hajanywa chai, na muulizeni mara mbili. Siri ya nyumba ibaki kwenye nyumba. Mtu akikataa, mshukuruni muondoke.

Lakini la majibu narudi kwalo, kwa sababu ndilo linaloniumiza. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari wa dunia juu ya maadili ya kuwafanyia watu utafiti, lipo tangu mwaka 1964, na lilipofanyiwa marekebisho mwaka 2024 lile neno la zamani, lililomfanya mtu aonekane kama kitu cha kufanyiwa majaribio, likaondolewa na kuwekwa mshiriki. Kushiriki ni kula sahani moja. Inakuchukua dakika 2 kuandika kwenye kipande cha karatasi: jina lake, tarehe, namba zake, na "nenda zahanati." Ikiwa 140 kwa 90 na kuendelea, mwambie arudie kupimwa zahanati siku nyingine, asiogope. Ikifika 180 kwa 110, mpumzishe, urudie. Ikibaki pale, aende kituo cha afya bila kuchelewa. Na kama kichwa kinamuuma sana, au kifua, au anaona ukungu, au upande mmoja umelegea, ni hospitali sasa hivi, na dodoso lisubiri.

Najua si nyinyi peke yenu, na ningekuwa dhalimu kuwabebesha yote. Wenye miradi wanawapangia nyumba 10 kwa siku wakati nyumba 6 ndizo zinazowezekana kwa haki. Wanawalipa kwa kichwa, kisha wanashangaa vichwa vya kubuni. Bajeti ina gari, ina semina ya hotelini, haina kile kipande cha karatasi wala nauli ya mgonjwa kwenda zahanati. Matokeo yanasomwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na kijiji kilichotoa damu hakisikii neno. Mwaka 2015 Kenya walipopima nchi nzima walikuta asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Maana yake kwa zaidi ya nusu ya milango utakayobisha hodi, wewe unaweza kuwa mtu wa kwanza kuwavisha mkanda ule. Hapa Tanzania, kipimo cha mwaka 2012 kilionyesha takriban mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu. Mtu huyo humkuti kila mara kitandani. Yumo shambani, yuko gengeni, anatua ndoo.

Nasi wazee tuna letu. Tunaacha vidonge tukijisikia nafuu, tunagawana dawa kama ubuyu, tunasema presha ni mawazo. Nimewaona wenzangu wakimeza kitunguu saumu na kukiacha kidonge, hadi siku mdomo unapinda. Kijana akija kutupima, tunamkimbiza amalize, tuna sufuria jikoni. Mwambieni mama: sufuria ipungue moto, ukae dakika 5. Atakaa. Mkimwambia kwa heshima atakaa, mimi nawahakikishia.

Jirani nilimpeleka zahanati kesho yake asubuhi, na tukarudi tena baada ya siku 4. Mara zote mbili ilikuwa juu. Kidonge hakikuwepo, tukanunua duka la dawa, anakimeza kila asubuhi akimaliza chai. Chumvi ya mezani kaiondoa mwenyewe, bila kuambiwa mara ya pili.

Wewe kijana wa kizibao, sikukujua jina na sikulitafuta. Ulikuwa na sauti nzuri na uliwasalimu wazee vizuri. Kama mradi wenu unarudi huku, mlango wa pili baada ya michongoma. Jana tulimpima jioni, ametulia, kwenye kiti chenye egemeo: 148 kwa 90. Karatasi kaibandika ukutani juu ya kitanda, na imebaki nafasi ya namba nyingine nyingi.

Bibi yenu,
Muuguzi mstaafu, Muheza