Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, na lile suala la mti wa "mtamaniwa"

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mambo ya hela mhazini atayasoma mwenyewe, mimi naanza na ule mti maana nikienda sokoni Muheza watu wananicheka.

Mnamkumbuka yule kijana wa pikipiki aliyekuja kipindi cha vuli na miche kwenye kiroba, majani kayakata yote eti isikauke njiani. Akasema unaitwa mtamaniwa. Alivyouelezea mpaka mate yakanitoka, jani kama la mkorosho, tunda kubwa kama dodo ila unalimenya kama ndizi, ndani vipande vipande kama chungwa, halina makumbi wala mbegu, inzi halisogelei, afu unazaa mwezi wa kwanza pale pale mtu anapohangaika na ada za watoto. Sasa mti uliokwenda shule hivo nani angeukataa jamani, nikachukua miche sita kwa hela yangu, sio ya chama, na hilo katibu aliandike kwenye muhtasari.

Majani yamerudi. Minne ni milimau, miwili mistafeli.

Na mimi nabebesha miche miaka yote hii, yaani naunga kikonyo, kile kitawi cha mti mmoja, juu ya shina la mwingine, najua kabisa mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja ila mchungwa sio ndugu yao, kikonyo cha chungwa ukikiweka juu ya mwembe kitakauka tu hata ukifunge nailoni vipi. Tamaa bwana. Ila milimau sikuing'oa, kwenye ukoo wa machungwa inawezekana, mmoja nimeubebesha chungwa upande huu, chenza upande ule, ndimu juu, na vikonyo vyote vimeshika. Anayebisha aje aone, asipite kwenye mihogo ya mama watoto.

Kuhusu inzi wa embe, huyu mgeni aliyeonekana kwanza Kenya mwaka 2003, mitego yetu inakamata madume tu, majike yanaendelea kutaga, kwa hiyo wanaoacha embe zioze chini ya mti wanatuumiza wote, funza anaingia udongoni anatoka inzi anahamia kwa jirani. Okoteni mzifukie, na mfukie chini sana.

Kuanzia sasa hakuna kununua mche kwa jina la chama bila kuonyeshwa mti mama uliotoa kikonyo, na ukiwa na matunda yake juu, sio picha ya kwenye simu.

Uchaguzi ni baada ya chakula. Ile mistafeli miwili natoa bure, anayeitaka aje na ndoo.